Kazi Isiyomalizika ni ya Nani?

Mtu akianza kazi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaiacha katikati na kusema kwamba hataki tena kuiona, je, wengine wana haki ya kuichukua? Swali hili laweza kuonekana jepesi. Kila mmoja wetu amepita mbele ya nyumba iliyofika kwenye lenta ikaachwa, miti imeota vyumbani na mbuzi wanalala pale palipokusudiwa kuwa sebule. Mwenyewe akifa, watoto wake wakaja kuipaua, hatusemi kwamba wameiba. Lakini tuseme mwenyewe yu hai, naye amekataza. Tuseme pia kwamba siku alipoiacha alikuwa mgonjwa wa nafsi, hata ni vigumu kujua kama aliyekataza ni yeye au ni ugonjwa wake. Hapo mambo yanakuwa mazito.

Mfano ninaotaka tuutazame si wa nyumba bali ni wa santuri moja, nao wenye santuri hiyo ni bendi ya Marekani. Najua wako watakaouliza nyimbo za dansi zinatafuta nini katika gazeti la kanisa. Nawaomba wavumilie kidogo. Watu walioshindana kwa maneno juu ya santuri hiyo kwa karibu miaka 40 walikuwa wakibishana juu ya mambo ambayo Maandiko nayo yanayagusa, ingawa wengi wao hawakuyataja kwa majina hayo.

Bendi yenyewe ni The Beach Boys, yaani Vijana wa Ufukoni. Ilianzishwa mwaka 1961 katika mji wa Hawthorne, California. Walikuwamo ndugu watatu wa tumbo moja, Brian, Dennis na Carl Wilson, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Waliimba habari za kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, habari za magari na za wasichana. (Ni Dennis peke yake aliyekuwa mpenzi wa kweli wa mchezo huo wa mawimbi, wengine waliuimba zaidi kuliko walivyoucheza.) Mtunzi wao mkuu alikuwa Brian, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kitu. Mwishoni mwa mwaka 1964, akiwa ndani ya ndege kuelekea Houston, alishikwa na hofu kubwa hata akashindwa kujizuia. Tangu hapo akaacha kusafiri na wenzake. Wao walizunguka dunia wakiimba, yeye akabaki nyumbani akitunga na kunasa sauti studio.

Mwezi Mei 1966 ilitoka santuri yao iitwayo Pet Sounds, na mwezi Oktoba mwaka huohuo ukatoka wimbo "Good Vibrations", uliofika kileleni Marekani na Uingereza. Wimbo huo haukuimbwa tangu mwanzo hadi mwisho kama sisi tuimbavyo. Brian alinasa vipande vifupi vifupi, siku mbalimbali na katika studio mbalimbali, kisha kanda ikakatwa kwa wembe na kuungwa, kama fundi cherehani anavyounga vitambaa. Ulipofanikiwa, akaazimia kuitengeneza santuri nzima kwa njia hiyo. Akamwita mwandishi kijana, Van Dyke Parks, ampatie maneno. Santuri ingeitwa Smile, yaani Tabasamu.

Mpango wao ulikuwa mkubwa. Walitaka kuimba safari ya taifa lao kutoka pwani ya mashariki waliposhuka walowezi hadi visiwa vya Hawaii. Walitaka kuimba juu ya utoto, na juu ya moto, maji, upepo na ardhi. Tena walitaka msikilizaji acheke. Brian aliwaambia rafiki zake kwamba anamtungia Mungu simfonia ya ujana. Na kipande cha kwanza hakina neno hata moja, ni sauti za vijana hao tu zikipanda na kushuka pamoja kama kwaya kanisani. Jina lake ni "Our Prayer", Sala Yetu.

Vituko navyo havikukosekana. Aliagiza mchanga umwagwe ndani ya chumba nyumbani kwake na piano iwekwe juu yake, apate kuukanyaga kwa miguu mitupu anapotunga, kama mtu aliye pwani. Mbwa wake, kama inavyosimuliwa, waliona ni choo kizuri. Tarehe 28 Novemba 1966, siku ya kunasa kipande cha moto, aliwavika wapiga fidla na wenzao, watu wazima wenye heshima zao, kofia za zimamoto za kuchezea watoto, akaagiza kuni ziwashwe katika ndoo ili wapige muziki wakiwa wananusa moshi. Muda si mrefu baadaye alisikia kwamba jengo lililo karibu na studio limeungua. Akaogopa. Akaamini kwamba muziki wake ndio uliouleta moto ule, akakifungia kipande hicho, na kwa miaka mingi alisema kwamba ameziharibu kanda zake.

Tusicheke upesi. Kijana yule wa miaka 24 alikuwa tayari anasikia sauti zisizokuwapo, na alikuwa akitumia bangi na madawa mengine ya kulevya, ambayo baadaye mwenyewe alieleza kwamba yalimdhuru. Wenzake waliporudi safarini walikuta nyimbo wasizozielewa. Mike Love alitaka aelezwe maana ya maneno aliyopewa aimbe, na inasimuliwa kwamba mwandishi mwenyewe alishindwa kumweleza. Mashabiki wengi wamemfanya Mike Love kuwa mtu mwovu katika hadithi hii. Mimi simlaumu kiasi hicho. Mtume Paulo naye aliwauliza Wakorintho jinsi mtu atakavyoitikia Amina kwa jambo asilolifahamu. Anayetakiwa kuimba ana haki ya kuuliza anaimba nini. Kosa lililokuwapo, kama lilikuwapo, labda ni kuuliza kwa ukali mbele ya mtu aliyekuwa anaanza kupasuka.

Basi mambo yakajikusanya. Bendi ilifungua kesi dhidi ya kampuni yao ya santuri, Capitol, kwa ajili ya fedha. Parks akajiondoa. Tarehe za kutoa santuri zikapita moja baada ya nyingine. Mwezi Mei 1967 ikatangazwa kwamba Smile imeachwa. Lakini majalada yalikwisha chapwa kwa malaki, yenye picha ya duka linalouza tabasamu, na nyuma yake yameandikwa maelezo kwamba mnunuzi autazame mduara wa katikati ya santuri ili aujue mpangilio halisi wa nyimbo. Santuri yenyewe haikuwapo. Mwezi Septemba ilitoka nyingine, Smiley Smile, iliyonaswa kwa sehemu kubwa nyumbani kwa Brian kwa vyombo vichache. Yeye akazidi kuzama, na miaka mingine alikuwa hatoki chumbani.

Sasa ndipo waingiapo mashabiki. Vipande kadhaa vya kazi ile vilitoka katika santuri za baadaye, mwaka 1969 na mwaka 1971, navyo vilikuwa vizuri kiasi cha kumfanya msikilizaji aulize, je, vilivyobaki vikoje? Katika miaka ya 1980 kanda zilianza kuvuja. Mtu mmoja anamnakilia mwenzake, naye anamnakilia mwingine, na kila nakala ikiwa na ukungu zaidi ya ile ya kwanza. Waliandikiana barua. Walichapisha vijarida vyao. Walibishana ni kipande gani kinatangulia, ni kipi ni mwisho wa wimbo huu na ni kipi ni mwanzo wa ule, na wengine wakakaa usiku kucha na mashine mbili za kunasia sauti, wakiunga kila mmoja Smile yake. Hakuna aliyeweza kumthibitishia mwenzake kwamba amekosea, kwa kuwa aliyekuwa na jibu alikataa kuzungumza. Kila mwandishi wa habari aliyekwenda kumwona Brian alimwuliza habari za Smile, naye mara nyingi alijibu kwamba muziki ule haukufaa, kwamba ulimtisha, kwamba asingependa kuukumbuka.

Je, walitenda haki watu hawa?

Wako wasemao kwamba kazi ya mtu ni mali yake hadi aitoe mwenyewe, na kwamba kusikiliza kanda iliyovuja ni sawa na kusoma barua ya jirani. Hoja hii ina nguvu, nami kwa sehemu naikubali. Tunasoma katika Mwanzo 9 jinsi Nuhu alivyolala uchi hemani mwake baada ya kunywa divai, na jinsi mwana mmoja alivyomwona akatoka kuwaambia wenzake, na jinsi wale wawili walivyochukua nguo wakaenda kinyumenyume ili wamfunike baba yao bila kumtazama. Nimefikiri sana juu ya habari hiyo katika jambo hili. Maana katika yale yaliyoandikwa na kusimuliwa juu ya Smile, mengi si muziki. Ni mchanga na mbwa, ni kofia za zimamoto, ni madawa, ni mtu mgonjwa kutazamwa kupitia tundu la ufunguo. Mtu anayefurahia visa hivyo kuliko nyimbo zenyewe amesimama mlangoni mwa hema la Nuhu. Hata mimi nilipovieleza hapo juu nilivieleza kwa kuwa bila hivyo msomaji asingejua ni nini kilichomtisha, na nadhani tofauti iko hapo hasa, katika kile unachokitafuta unapotazama.

Lakini muziki wenyewe si uchi wake. Ulikuwa ni kitu alichokitengeneza kwa ajili ya masikio ya watu. Hapo nafikiri hoja ya barua ya jirani inapungua nguvu. Barua imeandikwa kwa mmoja. Wimbo umekusudiwa kwa wote, ingawa haujawafikia. Na mtu anapokataa kazi yake hakatai daima kwa sababu ileile. Yuko anayeikataa kwa kuwa ameona ni mbovu, kama mfinyanzi wa Yeremia 18 aliyeona chombo kimeharibika mkononi mwake akakifinyanga upya kuwa kingine. Huyo ana haki yake kamili, udongo ni wake. Yuko mwingine anayeikataa kwa hofu, na mwenye hofu hazuiwi kuhukumu, lakini hukumu yake haina budi kusubiri hadi hofu ipungue.

Kanisa nalo limewahi kukutana na jambo kama hili. Mtakatifu Thomas Aquinas, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 13, aliacha kuandika ghafula mwezi Desemba 1273 kabla hajamaliza kitabu chake kikuu cha theolojia. Alisema kwamba yote aliyoyaandika ameyaona kuwa kama makapi tu, akilinganisha na yale aliyoonyeshwa. Miezi michache baadaye akafa. Je, wanafunzi wake walimtii? Walikusanya maandiko yake ya zamani, wakayapanga, wakakijaza kitabu kile sehemu iliyopungua. Wala sijasikia padre akihubiri kwamba walimwibia. Ila tuseme kweli, sehemu ile ya nyongeza husomwa kwa heshima pungufu, na kila mwenye elimu hiyo ajua ni wapi mkono wa Thomas uliposimama. Uaminifu huo wa kuonyesha mshono ndio ninaoutaka. Shabiki anayeunga vipande na kusema, "Huu ni mpangilio wangu," hanisumbui. Anayesema, "Hii ndiyo Smile yenyewe, hivi ndivyo alivyokusudia," huyo amejipa kiti kisicho chake.

Kuna hatari nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha. Kitu kisichokuwapo hakina dosari. Santuri iliyotoka ina nyimbo dhaifu mbili tatu, ina mikwaruzo, watoto wanaichoka. Smile, kwa kuwa haikuwapo, ilizidi kuwa nzuri kila mwaka vichwani mwa watu, hata ikafika mahali ambapo hakuna muziki wa binadamu ungeweza kufika. Wako waliosema wazi kwamba ni heri isitoke kamwe. Fikirini maneno hayo, ndugu zangu. Mtu anaipenda kazi ya mwenzake kiasi cha kutaka mwenzake huyo asiimalize! Huo ni upendo wa picha aliyojichorea mtu mwenyewe, na mimi sioni tofauti kubwa kati ya picha ya namna hiyo na zile ambazo amri ya pili inatukataza.

Hata hivyo, si wote walikuwa hivyo. Baadhi ya wanamuziki vijana waliokua wakizisikiliza kanda zile zilizovuja walikuja kupiga katika bendi ya Brian mwenyewe, alipopata nafuu na kuanza tena kusimama mbele ya watu. Mmoja wao, Darian Sahanaja, aliketi naye na vipande vile, pole pole, hadi Brian akakubali kuvisikiliza. Van Dyke Parks akaitwa tena, akaandika maneno pale palipobaki patupu. Ni kama Yeremia 36, ambapo mfalme alilikata gombo kwa kisu cha mwandishi na kulitupa motoni, Yeremia akamwambia Baruku maneno yote upya, na mengine mengi yakaongezwa; ila hapa mfalme na nabii walikuwa mtu mmoja. Tarehe 20 Februari 2004, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, Brian Wilson mwenye umri wa miaka 61 aliiimba Smile tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mwezi Septemba ikatoka santuri yake. Na kile kipande cha moto, kile kilichomtia hofu, kikampatia mwaka 2005 tuzo ya Grammy, ya kwanza aliyoishinda mwenyewe.

Ungedhani mabishano yangekwisha. Wala. Wapo waliosema kwamba hiyo si Smile. Sauti ni ya mzee, walisema; ndugu zake hawamo, maana Dennis alikufa maji mwaka 1983 na Carl alikufa kwa kansa mwaka 1998; mpangilio wa sehemu tatu umebuniwa miaka hii; mtu wa miaka 61 hawezi kujua alichokitaka mtu wa miaka 24. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyonikalisha. Je, mzee yule ndiye kijana yule? Kwa jina na kwa mwili, ndiye. Lakini kumbukumbu zake zilikuwa na mashimo, na woga wake ulikuwa mwingine, na ujana hauombwi ukarudi.

Mimi nasema ndiye, na sababu yangu si ya kimuziki. Tukikubali kwamba mtu akipita katika ugonjwa mkubwa huwa mtu mwingine, na kwamba mambo aliyoyaanza kabla ya ugonjwa si yake tena, tutakuwa tumemnyang'anya kila mgonjwa wa namna hiyo nyumba yake, shamba lake na watoto wake. Wagonjwa wa akili tunao katika familia zetu. Tunajua jinsi watu wanavyowasema wangali wamekaa palepale, "Zamani huyu alikuwa mwalimu," kana kwamba huyo wa zamani amekwisha zikwa. Arudipo kuichukua kazi yake, hata akiwa na mkono unaotetemeka, anayemwambia kwamba kazi ile ni ya marehemu anamzika mara ya pili. Ikiwa mpangilio wa mzee hauwaridhishi mashabiki, basi watofautiane naye kama mtu anavyotofautiana na mwenye mali. Wasimwambie kwamba yeye siye mwenyewe.

Wala sisemi kwamba mashabiki hawakuwa na sehemu katika kurudi kwake. Miaka 37 ya kuulizwa ilimtesa, hilo halina shaka. Lakini ni kuulizwa huko huko kulikomjulisha kwamba kile alichokiona ni aibu, wengine walikiona ni zawadi. Jambo moja liliumiza na kuponya, nami sijui mizani ya kulipimia. Hata wale walioanza kwa kunakili kanda za wizi sijui niwaweke upande gani, maana bila wao pengine wale vijana wa bendi yake wasingezisikia kamwe nyimbo zile.

Mwaka 2011 kampuni ya Capitol ilitoa sandugu la kanda zenyewe za miaka ile ya 1966 na 1967, zenye sauti za ndugu wote watatu, na mazungumzo ya studio, na makosa, na vicheko vyao. Jalada ni lilelile la duka la tabasamu. Vipande vilipangwa kufuata mpangilio wa Brian wa mwaka 2004, na pale ambapo mwaka 1967 palikuwa pameachwa bila kuimbwa, paliachwa hivyo hivyo, vyombo peke yake vikipiga. Brian alifariki tarehe 11 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 82. Sandugu lile lina diski tano, na kwa sehemu kubwa ni vipande vitupu visivyoungwa, kila kimoja na namba yake, kwa ajili ya watu ambao mpaka leo hawajaukubali mpangilio huo na wanataka kukata na kuunga wenyewe.